Gunia Halitoki Bila Mhuri

Nyuma ya kibanda cha Bertilla Sichalwe, katika soko la nafaka mjini Sumbawanga, kuna chumba chenye magunia kumi na moja ambayo hayauzwi. Mnunuzi akiingia na kuyanyooshea kidole huambiwa yana wenyewe. Akiuliza wenyewe wako wapi, huambiwa wanaumwa. Hapo wengi hurudisha mkono mfukoni na kuuliza bei ya mahindi.

Kila gunia limeshonwa mdomo kwa uzi wa manila, na juu yake umepitishwa uzi mwingine, mwekundu, wenye mafundo. Mafundo matatu ni wiki tatu. Kila Jumatatu Bertilla hufungua fundo moja kwa ncha ya sindano ya magunia. Fundo la mwisho likifunguliwa, mwenye gunia anatakiwa kuwa hospitali wiki hiyo, kwa kipimo, kwa majibu, kwa upasuaji au kwa dripu. Akirudi na kadi yenye mhuri wa siku yake, gunia linauzwa au linabebwa, apendavyo. Asiporudi, gunia linabaki.

Utaratibu huu haumo katika mwongozo wowote wa huduma kwa wagonjwa wa saratani ya matiti. Umejengwa juu ya jambo moja ambalo Bertilla aliliona kwa macho yake: mkulima wa huku Ufipa anaweza kuisahau kadi ya kliniki ya mkewe darini mpaka panya waisome, lakini hasahau gunia lake liko kwa nani. Mke akikosa tarehe, mume hapandi pikipiki kuja kuuliza kwa nini. Gunia likikosa kuuzwa, kesho yake yuko mlangoni, amevaa koti.

"Nilikuwa nawafuata vijijini," anasema. "Nikachoka. Sasa wananifuata wao."

Bertilla ana miaka hamsini na minne, ni mjane, na anaishi mtaa wa Mazwi na mwanawe wa mwisho, Vitus. Mkono wake wa kushoto ni mnene kuliko wa kulia, na hauinui debe. Miaka minane iliyopita aligusa kitu kwenye titi la kushoto, kidogo kama njugu. Mumewe alikuwa hai. Alisema jambo kama hilo haliamuliwi na watu wawili chumbani. Ukoo lazima ukae.

Ukoo ulipangiwa kukaa mara tatu. Mara ya kwanza uliahirishwa kwa sababu ya msiba. Mara ya pili ulianza na mpaka wa shamba, na jua likazama kabla mpaka haujapatikana. Mara ya tatu ulikaa vizuri, ukanywa, ukasikilizana, ukamruhusu aende hospitali. Kati ya mara ya kwanza na ya tatu mahindi yalipandwa, yakapaliliwa, yakavunwa.

"Uvimbe uliingia kikaoni ukiwa njugu," anasema Bertilla. "Ulipopewa ruhusa ulikuwa umeshafika kwapani."

Madaktari wa Mbeya walitoa titi pamoja na tezi za kwapa. Tangu hapo mkono huvimba. Miaka miwili baadaye mumewe alifariki, na ukoo uleule ulikaa ndani ya wiki moja, kwa sababu kulikuwa na shamba la kugawa.

Mradi ulikuja baadaye. Unaitwa Mama Simama, una ofisi ya vyumba viwili, kompyuta, gari moja na ofisa anayeitwa Loth, kijana mpole mwenye shahada ya maendeleo ya jamii. Bertilla alichaguliwa kuwa mhudumu wa kujitolea, akapelekwa semina ya siku tatu. Mwezeshaji, mtu wa Dar es Salaam, alianza na utani wa ungo na wachawi, kama wageni wote wanavyoanza wakifika Sumbawanga, kisha akachora ukutani mnyororo wa huduma. Washiriki waliunakili. Kila mmoja aliondoka na mkoba, kalamu, na fulana ya waridi iliyoandikwa MIMI NI SHUJAA, saizi moja kwa wote, saizi ya mtu ambaye hakuwepo semina ile.

Kazi ya mradi ni kuhakikisha mwanamke hapotei njiani kati ya kugundulika na kutibiwa. Kwa hiyo hupigiwa simu. Simu hupigwa Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi. Zisipopokelewa mara tatu, kompyuta yenyewe huandika kwa rangi nyekundu: AMEPOTEA.

Saa nne asubuhi ya Jumanne, mwanamke wa vijiji vya Ufipa yuko shambani, na simu yake iko ndani ya kikombe kabatini, imezimika. Huichaji siku ya gulio, dukani kwenye sola. Kwa hesabu ya mradi, karibu theluthi ya wanawake walio kwenye orodha wamepotea. Wangetafutwa gulioni Jumamosi wangepatikana wote kabla ya saa sita, wamekaa kwenye benchi, wanasubiri chaji.

Bertilla alimweleza Loth jambo hilo. Loth alilipenda sana, akaliandika katika sehemu ya changamoto.

Kristiana alipotea mara mbili kwa njia hiyo. Ana miaka thelathini na minane, watoto wanne, wa kwanza Lydia, na nyumba yake iko kijijini upande wa Namanyere, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la kwanza angekuonyesha. Aligusa uvimbe wakati wa Pasaka. Mwezi wa saba alikatwa kipande cha nyama cha kupima, mwezi wa nane akapewa majibu, mwezi wa tisa daktari wa Mbeya akamwona. Uvimbe ulikuwa bado mdogo na kwapa lilikuwa tupu. Daktari akampa tarehe: alazwe Jumatano ya wiki ya tatu ya Oktoba, apasuliwe Alhamisi. Akamwambia pia kwamba akiikosa hiyo, nafasi nyingine haipo mpaka baada ya mwaka mpya, na uvimbe wa aina yake hausherehekei mwaka mpya.

Gunia lake la ulezi alilileta mwenyewe mwezi wa saba, juu ya lori la mahindi.

"Mumeo anajua?" Bertilla alimuuliza.

"Anajua gunia liko kwako."

"Na ugonjwa?"

"Ugonjwa nimemwambia. Amesema tumsubiri kaka yake."

Bertilla alishona uzi mwekundu bila kuuliza kaka ni nani. Kila nyumba ina wake.

Jumatatu ya wiki ile ya Oktoba, saa nne, Modesti, mume wa Kristiana, alifika kibandani. Alikuwa amevaa koti. Nyuma yake alisimama kaka yake mkubwa, Alois, mwenye mitumbwi na nyavu kule Kipili, ufukweni mwa ziwa. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwenye giza kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa, wavuvi hupumzika. Kwa hiyo ukoo wa Modesti una mkubwa wake kwa siku kumi na mbili hivi kila mwezi, na siku hizo ndizo za kuozesha mabinti, kusuluhisha ndugu na kuamua nani akatibiwe.

"Shikamoo, mzee," Bertilla alimsalimia.

"Marahaba, mama. Soko linakwendaje?"

"Linakwenda. Ziwani?"

"Ziwa limepumzika. Na sisi tumepumzika."

Modesti alikohoa. "Mama Vitus, tumefuata lile gunia la ulezi. La Mama Lydia."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko nyumbani."

"Gunia halitoki bila mhuri, Baba Lydia. Hilo unalijua."

"Nalijua. Ila hili ni kwa shughuli yake mwenyewe. Tunataka kuloweka leo. Ni pombe ya kikao."

"Kikao cha nini?"

"Cha ugonjwa wake."

Bertilla aliketi. Pombe ya ulezi haina haraka. Ulezi hulowekwa, huoteshwa, huanikwa, husagwa, hupikwa, huachwa uchachuke. Siku kumi, ukiharakisha na ukawa na bahati ya jua. Kulazwa kwa Kristiana kulibaki siku mbili.

"Watu wa mjini mnatusema vibaya," Alois alisema, taratibu, kama mtu anayesahihisha daftari la mtoto. "Mnasema tunawazuia wanawake. Sisi hatujakataa. Hatujakaa tu."

"Tangu lini hamjakaa?"

Alois alimtazama mdogo wake.

"Tangu Pasaka," Modesti alisema.

"Basi kaeni sasa. Magunia hayo hapo."

Alois aliyatazama magunia, akayahesabu kwa macho. "Bila pombe hicho si kikao, mama. Hicho ni kupumzika."

"Na wewe utarudi ziwani lini?"

"Giza likiingia. Siku kumi na mbili, kumi na tatu. Ndiyo maana tunataka tuloweke leo. Tukichelewa mpaka Ijumaa, giza litanikuta huku, na kikao kitasogea mwezi ujao."

Hapo Bertilla alielewa kwamba si yeye peke yake mwenye tarehe. Aliinuka, akaenda kwenye gunia la Kristiana, akakaa juu yake.

"Mzee Alois, ngoja nikuulize. Ukoo ukikataa jambo, huwa kuna mtu amelikataa. Sasa huyu mama kwenda Mbeya, nani kakataa?"

Alois alifikiri kwa haki. "Hakuna."

"Wewe?"

"Mimi nitakataaje kabla hatujakaa?"

"Baba Lydia?"

"Mimi namsubiri kaka."

"Basi hakuna aliyekataa. Aende. Ninyi lowekeni, otesheni, pikeni. Pombe ikiiva atakuwa amerudi. Atakaa palepale mnapotaka akae, na mtaamua mkimwona."

"Na kikao kikisema asikatwe?"

"Nitapanda basi mwenyewe nikamwambie daktari alirudishe."

Alois alicheka, kisha akaacha ghafla, kama mtu aliyegundua kwamba amechekea upande wa mwenzake. Modesti hakucheka. Alikuwa anaangalia uzi mwekundu kwenye mdomo wa gunia. Ulikuwa umebaki bila fundo.

Bertilla akatoa masharti. Keshokutwa, Jumatano, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Kristiana awe stendi. Ufunguo wa chumba cha magunia angeuacha kwa Bashiri, wakala wa mabasi. Basi likifika Laela, njiani kwenda Mbeya, na Kristiana yumo ndani, kondakta atapiga simu, na Bashiri atampa Modesti ufunguo.

"Tulisema tuloweke leo," Modesti alinung'unika.

"Wewe ndiye uliyesema leo. Lowekeni Jumatano. Siku mbili jua litawafidia."

"Na kwa nini Laela?"

"Kwa sababu wanaume wanaobadili mawazo hubadilia kabla ya Laela."

Lilikuwa jambo analolijua. Mwaka juzi mgonjwa wake mmoja aliteremshwa na shemeji yake kituo cha pili, akarudishwa nyumbani kwenda kuombewa. Aliombewa vizuri. Alizikwa mwezi wa tatu.

Siku hiyohiyo alasiri Loth alikuja kibandani, ameshika orodha. Jumatano ilikuwa siku ya maandamano ya mradi, na wageni kutoka makao makuu walikuwa wameshafika mjini.

"Bi Bertilla, keshokutwa saa mbili kamili nakuhitaji stendi. Wewe na Kristiana. Maandamano yanaanzia pale."

"Kristiana keshokutwa analazwa Mbeya. Na mimi naenda naye."

Loth alishusha orodha. "Haiwezi kusogezwa kidogo?"

"Maandamano?"

"Operesheni."

Bertilla akaona kwamba kijana hatanii.

"Mimi nakuelewa," Loth aliendelea haraka, "ila yeye ndiye mdogo kuliko wote kwenye orodha. Wageni wanataka ushuhuda wa mwanamke aliyegundulika mapema."

"Akienda kwenye maandamano badala ya Mbeya, Loth mwanangu, hatakuwa tena aliyegundulika mapema."

Loth hakuwa mtu mbaya. Alisugua paji la uso. Alisema angependa sana kuwapa gari la mradi liwapeleke, lakini siku hiyo gari lilikuwa na kazi ya kubeba viti. Na matarumbeta.

"Basi bebeni matarumbeta," Bertilla alisema. "Na Kristiana mumtafute kwenye simu. Mpigieni Jumanne saa nne."

Jumatano alfajiri upepo wa Sumbawanga ulikuwa ule unaopita ndani ya sweta. Basi la Mbeya lilikuwa linaunguruma, na Kristiana hakuwepo. Bertilla alisimama mlangoni mwa basi, mfuko mmoja mkononi, macho kwenye barabara. Saa kumi na mbili ilifika. Dereva akapiga honi.

Bashiri alitoka ofisini kwake na kofia yake ya kushona, akiwa na karatasi. Ukoo wake umefanya biashara ya usafiri mjini hapa tangu enzi za babu yake, na anajua namna mia za kuondoa basi, na mia na moja za kulizuia.

"Kondakta," aliita, "orodha ya vifurushi ina makosa."

"Makosa gani, bosi?"

"Sijayajua bado. Nayatafuta."

Alikaa kwenye ngazi ya basi, akaanza kuisoma orodha tangu juu, kwa kidole. Abiria mmoja alilalamika. Bashiri akamwambia kwamba hata yeye angependa kuondoka, ila alizaliwa na macho mabovu. Alipofika kwenye kifurushi cha kumi na tatu, pikipiki iliingia stendi, imebeba dereva, Kristiana, begi, na Modesti nyuma kabisa akiwa amekumbatia blanketi.

"Orodha iko sawa," Bashiri alisema, akainuka.

Ilikuwaje wakachelewa, Modesti alieleza huku akihema. Jogoo wa kwanza alipowika, Alois aliamka akauliza kama haingekuwa heshima kumtumia kwanza neno shangazi yao mkubwa.

"Na wewe ukasemaje?" Bertilla alimuuliza.

"Mimi nilikuwa nafikiri."

"Mimi nilikuwa nimeshakaa kwenye pikipiki," alisema Kristiana. "Nikawaambia shangazi tutamkuta kikaoni." Akachukua blanketi mikononi mwa mumewe, akapanda.

Modesti alizunguka basi mpaka dirishani kwake. Alisimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani.

"Mtarudi lini?" aliuliza mwishowe.

"Pombe ikiiva," mkewe alimjibu, na basi likaondoka.

Modesti akabaki kusubiri simu ya Laela. Bashiri alimpa benchi na chai. Kabla ya saa mbili, gari la mradi lilifika na kuanza kushusha viti, kisha matarumbeta, kisha maboksi ya fulana. Fulana zilikuwa nyingi, mashujaa wachache. Wanawake wa vijijini walikuwa wamepigiwa simu Jumanne saa nne.

Loth alizunguka stendi nzima akitafuta watu. Aliwapata wauza karanga wawili, wapiga debe kadhaa, na mwanamume mmoja mwenye koti aliyekaa benchini anakunywa chai. Modesti aliuliza kama kuna chakula. Kulikuwa na wali na kuku. Akavaa fulana juu ya koti. Kwa mara ya kwanza saizi ile ilimpata mwenyewe.

Simu ya kondakta iliingia wakati tarumbeta la kwanza linajaribiwa. "Yumo," Bashiri alisema, akampa ufunguo. Modesti aliutia mfukoni. Hakwenda. Maandamano yalikuwa yameshaanza, naye alikuwa amepewa kushika upande mmoja wa bango.

Uwanjani, mgeni mmoja kutoka makao makuu alimfuata na kipaza sauti. Alitaka kujua yeye ni nani na amekuja kwa ajili ya nani.

"Mimi ni mume wa mgonjwa," Modesti alisema.

"Na mkeo yuko wapi?"

"Nimemsindikiza leo alfajiri. Amekwenda Mbeya kukatwa."

Watu walipiga makofi. Hakuna neno lililokuwa la uongo, na ndiyo maana lilisikika vizuri hivyo. Picha yake ilipigwa kutoka pande tatu. Katika ripoti ya mradi ya robo mwaka yumo ukurasa wa nne, chini ya kichwa cha habari MWANAUME WA MFANO, ameshika bango, ufunguo wa Bertilla umetokeza mfukoni mwa koti. Kristiana naye yumo, katika jedwali la mwisho. Alipigiwa simu Alhamisi saa nne, akiwa juu ya meza ya upasuaji, hakupokea. Ameandikwa kwa rangi nyekundu.

Upasuaji ulikwenda salama. Titi la kulia lilitolewa lote. Kwapani zilichukuliwa tezi chache tu za kupima. Bertilla alilala sakafuni wodini siku tano, juu ya kanga mbili, na kila asubuhi alimfanyisha Kristiana zoezi la kupandisha vidole ukutani, kidogo kidogo, kama sisimizi.

"Fika hapo jana ulipofika," alimwambia.

"Panauma."

"Najua panapouma. Mkono wangu haukupanda ukuta, tazama ulivyo. Panda."

Siku ya sita walirudi.

Pombe iliiva Jumamosi, siku ya kumi baada ya kulowekwa, mbalamwezi ikiwa imebaki kidogo. Ukoo ulikaa. Walikuja wanaume tisa, shangazi mkubwa, na Bertilla, aliyealikwa kwa sababu gunia lilitoka kwake. Kristiana alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, kitenge kimefunika bandeji, mkono wa kulia juu ya mto.

Kikao kilichukua saa tatu. Alois alifungua kwa kueleza kwamba ukoo haujawahi kukataa jambo. Mzee mmoja aliuliza kama ugonjwa huo umewahi kuonekana upande wao, au umetoka upande wa mke. Shangazi akasema mama yake mzazi alikufa na kidonda kifuani, na kwamba hata wakati ule walisema wakae kwanza. Mzee mwingine alisema amesikia watu wakikatwa hawaponi. Akajibiwa kwamba na wasiokatwa hawaponi. Akakubali kuwa hilo nalo ni neno. Kikombe kilizunguka. Mmoja alipendekeza jambo liahirishwe ili wafikiri zaidi, na kwa dakika chache pendekezo lile lilipendwa na wengi, huku mwanamke mwenye bandeji akiwatazama mmoja baada ya mwingine.

Alois aliokoa jahazi. Alikuwa na nyavu za kushona kabla giza halijaingia.

"Tumempima kwa pande zote," alisema. "Ukoo umeona. Mama Lydia, umeruhusiwa. Nenda ukatibiwe."

Wazee waliitikia kwa vichwa. Ilikuwa kazi nzuri, na waliona hivyo.

"Nashukuru, wazee wangu," Kristiana alisema. "Jumatatu naenda kutolewa nyuzi."

Bertilla alikohoa ndani ya kikombe. Shangazi mkubwa alijifunika kanga usoni, mabega yakimtikisika. Wanaume walisikia shukrani, wakaridhika.

Majibu ya tezi yalitoka wiki iliyofuata: safi. Daktari akaandika dripu ya dawa ya saratani, mizunguko kadhaa, ya kwanza baada ya wiki mbili. Bertilla alipata habari hizo kwa Kristiana mwenyewe, Jumamosi, kwenye benchi la kuchajia simu.

Jumatatu asubuhi alikuwa anafungua mafundo alipomwona Modesti mlangoni. Alikuwa na koti, na ndani yake fulana ya waridi, imefuliwa. Mabegani alikuwa na gunia la ulezi.

"La nini hili?" Bertilla aliuliza.

"La kikao. Kaka amepiga simu kutoka Kipili. Anasema dripu ni jambo jipya, lina kikao chake."

"Kitakaa lini?"

"Akirudi. Mbalamwezi ijayo."

Bertilla hakuhitaji kuhesabu. Mpaka mbalamwezi ije na pombe iive, dripu ya kwanza ingekuwa imeshapita. Alilishusha gunia, akachukua sindano, akapitisha uzi mwekundu na kufunga mafundo mawili, polepole, ili mtu aone.

"Unaona, Baba Lydia. Hili nalo halitoki bila mhuri."

"Najua," Modesti alisema. Alikuwa anatazama nje, kuelekea stendi. "Ndiyo maana nimelileta mapema."